Misukule Wasio na Mwenyewe

Picha ya kwanza niliyoipenda maishani sikuiona. Niliisikia.

Nilikuwa na miaka tisa, nauza karanga za bibi mlangoni mwa banda la video Ngamiani, Tanga. Watoto wa kike hatukuingia mle. Hakuna aliyekataza kwa maneno. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana msibani nani anakaa kwenye jamvi na nani anakwenda jikoni. Basi nilikaa juu ya ndoo niliyoipindua, mgongo kwenye ukuta wa mabati, na upande wa pili wa bati lile, hatua mbili kutoka kisogo changu, ndipo alipokaa mtafsiri. Alikuwa na kipaza sauti kilichofungwafungwa kwa utepe mweusi, na koo lililoweza kuwa mzee, bibi harusi, mbwa na helikopta. Picha za Hong Kong, za Bombay, za Marekani, zote zilimpitia yeye zikatoka zikiwa Kiswahili cha Tanga. Waliokulia Dar es Salaam wanamkumbuka Lufufu; Wakenya wana DJ Afro wao. Wetu hakurekodiwa popote. Sauti yake iliishia kwenye mabati.

Usiku mmoja alisema kaka na dada wamekwenda kuzuru kaburi la baba yao, na mtu mrefu anakuja akipepesuka kati ya makaburi. "Huyo si mlevi," akasema. "Huyo ni msukule." Karanga nikazisahau.

Kwa Mtanzania neno hilo halina haja ya maelezo. Kwa msomaji wa Mombasa au Bujumbura niseme kwamba msukule ni mtu aliyechukuliwa na mchawi. Nyumbani mmelia, mmezika, mmemaliza arobaini, kumbe mlichozika ni mgomba, na mwenyewe yuko shambani kwa mtu, usiku, ulimi umekatwa, analima bila ujira. Na kwa kuwa kila msukule ana mwenyewe, mtafsiri wetu alimtaja. Alikuwa tajiri wa shamba la mkonge, nyuma ya kilima, ambaye hakuonekana kwenye picha hata mara moja. Wafu wale walikuwa wakataji wake. Mishahara hataki kulipa, mtafsiri alisema, ndiyo maana kaajiri maiti. Sasa wamemtoroka, na wana njaa ya miaka yote ile.

Ndani ya banda kukawa kimya. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, na tangu hapo Tanga imejaa watu ambao babu zao waliletwa kutoka mbali kuukata. Waliitwa manamba, kwa sababu kwenye daftari la shamba mtu alikuwa namba.

Steringi, yaani shujaa wa picha, alikuwa mwanamume mmoja anayepigilia mbao madirishani, hodari, hana maneno mengi. Usiku kucha anawazuia misukule wasiingie. Alfajiri, watu wenye bunduki wanakaribia nyumba, na hapo hapo mtafsiri akatangaza kwamba kanda imekatika. Watu wakalalamika, mabenchi yakagongwa. Akawamalizia kwa mdomo: steringi alitoka nje, akaomba maji, akanywa, akashika njia kurudi kwao. Nilibeba sinia langu nikaenda kulala nikiwa na furaha kwa ajili ya mtu yule.

Miaka kumi na tatu ikapita. Nilikuwa Kariakoo, kwenye chumba kisicho na dirisha, nahariri video za harusi, na mwenzangu wa kazi alikuwa na diski iliyojaa picha za zamani. Nilifungua moja nikingoja kompyuta nyingine imalize kazi yake. Nilitazama kitambo kabla ya kugundua kwamba nimeshaijua. Ilikuwa Night of the Living Dead, ya George Romero, ya mwaka 1968.

Kwanza, ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mimi miaka yote niliibeba ikiwa na rangi, misukule wangu walivaa sanda, na macho yao yalikuwa mekundu kama ya mvuvi aliyerudi alfajiri. Kumbe walivaa suti na magauni ya kulalia. Pili, tajiri wa mkonge hayumo. Nilirudisha nyuma mara mbili kumtafuta, nikidhani amekatwa kwenye nakala ile. Tatu, steringi ni mtu mweusi, jambo ambalo mtafsiri hakulitaja kwa kuwa waliokuwa ndani walimwona, na aliyekuwa nje kwenye ndoo hakuhesabiwa. Nne ndiyo iliyonifanya nizime kompyuta nikatoka kwenda kusimama barabarani. Wale wenye bunduki wanamwona dirishani, wanamdhania ni mmoja wa wafu, na wanampiga risasi ya kichwa. Kisha zinakuja picha mnato, chembechembe kama za gazeti: watu wenye kulabu za nyama wanauburuta mwili wake kwenda motoni.

Katika mabanda yetu kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto aliijua. Steringi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, mama yake anauawa mbele yake, lakini hafi.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa picha za namna hii. Wenzangu wa kazi wakiniuliza nazipenda zipi, hutarajia nitaje zile zilizopata tuzo kubwa. Ninazipenda hizo pia. Lakini ninazozirudia usiku, peke yangu, ni zile zilizotengenezwa pembeni, kwa fedha ya kuchangishana, na watu ambao kazi yao ya mchana ilikuwa nyingine, nazo zikaenda kukaa kwenye kundi la picha za kutisha au za mapigano ambalo wakosoaji hulipita bila kusalimia. Nazipenda kwa moyo wote, na sababu yangu ya kwanza ni ya fundi. Romero na wenzake walikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza matangazo ya biashara mjini Pittsburgh. Walikusanya kiasi cha dola 114,000. Nyumba waliyoitumia, huko Evans City, ilikuwa ikingoja kubomolewa, kwa hiyo walipigilia misumari walipotaka. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, maana kwenye nyeusi na nyeupe damu haina sababu ya kuwa nyekundu. Mimi ninayejua bei ya kukodi taa kwa siku moja, vitu hivyo navisoma kama wengine wanavyosoma wasifu wa mashujaa.

Duane Jones, aliyemcheza steringi, hakuandikiwa nafasi ile kama mtu mweusi. Alifanya jaribio akawashinda wengine, na hakuna aliyerudi kwenye maandishi kuingiza neno kuhusu rangi yake. Matokeo yake ni ya ajabu: katika picha nzima hakuna mtu anayeitaja. Mzungu mmoja anagombana naye kuhusu kujificha chini au kubaki juu, na ugomvi unabaki kuwa wa chini na juu. Halafu risasi ile inalia, na mtazamaji analazimika kulisema mwenyewe moyoni lile ambalo hakuna aliyelisema. Romero alisimulia kwamba walikuwa njiani kupeleka nakala New York, usiku wa tarehe 4 Aprili 1968, waliposikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa. Picha ilikuwa imeshakamilika. Hawakuwa na la kuongeza.

Ila swali langu la utotoni halikuniacha. Mwenyewe yuko wapi?

Nikaanza kumtafuta kwenye picha zilizotangulia, na nilimpata. White Zombie, ya Victor Halperin, ilitoka mwaka 1932, wakati majeshi ya Marekani bado yanaikalia Haiti. Bela Lugosi ana kiwanda cha sukari, na kinu kinazungushwa na wafu. Wanakwenda duara, miguu inaburuta, gogo linalia. Mmoja anateleza anadondokea ndani ya kinu, na hakuna anayegeuka. Gogo linaendelea kulia vilevile. Picha nzima si nzuri sana, mapenzi yake yamechacha, lakini dakika zile za kinu ningezitoa nikaziweka kwenye jumba la makumbusho. Yeyote aliyesikia hadithi za misukule ataitambua sura ile. Neno lenyewe la Haiti, zombi, wengi hulirudisha Kongo, lilivuka bahari pamoja na waliouzwa, na huko kwenye mashamba ya miwa hofu kubwa ya mtumwa ikawa kwamba hata kifo hakitamtoa shambani. Sisi nasi tuna hadithi inayofanana na hiyo, na tuna mashamba yetu.

Romero alichofanya ni kumwondoa mwenye kinu. Wafu wake hawatumwi na mtu. Kwenye televisheni wataalamu wanabahatisha kuhusu mnururisho kutoka chombo kilichotumwa sayari ya Zuhura, lakini kubahatisha ndiko kunakobaki. Na hilo, kwangu mimi, ndilo jambo la kutisha kuliko nyama zinazoliwa. Msukule ana tumaini ndani yake. Ukimjua mchawi unaweza kwenda kwake, kwa mganga, kwa mjumbe, kwa shekhe, ukadai mtu wako. Kwa wafu wa Pittsburgh hakuna mlango wa kubisha. Mtafsiri wa Ngamiani, ambaye nina hakika hakuwahi kuiona picha ya Halperin, alilitambua pengo lile akalijaza kwa mtu aliyemfahamu.

Kuna jambo lingine ambalo nililijua baadaye sana. Picha ile iliandaliwa kwa jina jingine, Night of the Flesh Eaters. Msambazaji alipolibadilisha, ilani ya hakimiliki iliyokuwa chini ya jina la kwanza ikaondoka nalo, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi iliyotoka bila ilani ilipoteza ulinzi wake. Hivyo picha ya wafu wasio na mwenyewe nayo ikabaki haina mwenyewe. Yeyote aliweza kuinakili na kuiuza. Waliotokwa jasho walikosa fedha ambazo zingewatosha maisha, na mimi ninayeuza kazi zangu siwezi kulisema hilo kwa wepesi. Lakini nakala zilizagaa, kanda kwa kanda, nchi kwa nchi, na moja ikafika kwenye banda la mabati karibu na sinia la karanga.

Romero aliwahi kuitaja Carnival of Souls miongoni mwa picha zilizompa njia. Nayo ni ya mafundi wa mchana. Herk Harvey alikuwa akitengeneza filamu za mafunzo za mashule na viwanda huko Lawrence, Kansas. Siku moja akirudi kutoka California kwa gari, jua linazama, aliliona jumba la starehe la Saltair limetelekezwa kando ya ziwa la chumvi la Utah. Akamwomba mwandishi mwenzake, John Clifford, aandike hadithi itakayoishia pale. Gharama ilikuwa dola 33,000 hivi, upigaji wa picha wiki tatu, na Harvey mwenyewe alijipaka weupe usoni akacheza mtu mfu. Ilitoka mwaka 1962, ikapotea, ikafufuliwa mwaka 1989. Hakuongoza picha ndefu nyingine.

Mary Henry, mpiga kinanda cha kanisani, anatoka peke yake mtoni baada ya gari walilopanda kuporomoka darajani. Anahamia mji mwingine, anaanza kazi, na kuna nyakati mji unanyamaza ghafla: anaongea na muuza nguo dukani, hasikiki, anamshika mtu bega, mtu hageuki. Kisha ndege analia juu ya mti na sauti zote zinarudi. Nimewaonyesha dakika zile vijana ninaowafundisha kamera, na wawili kati yao, wote wasichana, waliniambia walishawahi kuwa ndani ya duka lile. Harvey hakutumia kitu chochote cha ghali. Alizima sauti tu.

Mary hajui kwamba amekufa. Kwetu tungesema ni msukule ambaye hata yeye mwenyewe hajaambiwa.

Nirudi kwa Duane Jones, kwa sababu mwaka 1973 alionekana tena katika picha ambayo naiogopa kidogo mpaka leo. Watu wenye fedha walitaka kitu cha kufuata mafanikio ya Blacula, mnyonya damu mweusi wa mwaka uliotangulia, wakampa kazi Bill Gunn. Gunn akawaletea Ganja & Hess. Jones ni mwanaanthropolojia tajiri anayechomwa kwa jambia la kale la Kiafrika na msaidizi wake, anayechezwa na Gunn mwenyewe. Hafi, na kuanzia hapo ana kiu. Marlene Clark ni mke wa msaidizi yule, anayekuja kumtafuta mumewe. Muziki ni wa Sam Waymon, ndugu yake Nina Simone, na una nyimbo za kanisani na sauti za Kiafrika zinazoingia bila hodi, kama zinatoka chini ya sakafu ya nyumba. Picha inakwenda polepole, inarukaruka, inakataa kueleza. Ilionyeshwa Cannes katika Wiki ya Wakosoaji. New York ikapokelewa vibaya, wenye mali wakaiondoa, wakaikatakata zaidi ya nusu saa, wakaiuza kwa jina la Blood Couple. Gunn aliandika barua kali kwa gazeti la New York Times akieleza inavyokuwa kwa msanii mweusi kuhukumiwa na watu wasiotaka kutazama. Nakala moja kamili ilibaki Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, New York, na kwa sababu ya nakala hiyo tunayo leo.

Mimi nami nimekatwa. Msambazaji mmoja aliwahi kunitolea dakika 12 katika picha fupi ya dakika 40 bila kuniambia, nikaja kujua siku ya kuonyeshwa, nimekaa na mama yangu. Kwa hiyo nikiitazama Ganja & Hess sitazami tu mnyonya damu. Natazama kila tukio nikijua kwamba kuna mtu aliwahi kulikata.

Sasa Kampala. Katika kitongoji cha Wakaliga, Isaac Nabwana alikuwa mfyatua matofali, na kwa fedha ya matofali akaanza kutengeneza picha za mapigano. Kampuni yake inaitwa Ramon, kwa majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Nilipoujua utoto wake nilisimama nikazunguka chumba. Hakuwa mtu wa kwenda sinema. Kaka zake walikwenda, wakarudi wakamsimulia, na picha zake za kwanza zilikuwa zile alizozitengeneza kichwani akiwasikiliza. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Who Killed Captain Alex? ni ya mwaka 2010. Bajeti yake husemwa kuwa haikufika dola 200. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na Dauda Bisaso. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, mpaka mwigizaji mmoja akaugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula wakiijaza ndani ya kondomu na kuipasua kwa uzi wa kuvulia samaki. Helikopta inaunguza Kampala, na inaonekana wazi ni ya kompyuta, na kompyuta yenyewe ni ya kuunganishwa kwa vipande. Waigizaji walibeba DVD wakauza nyumba kwa nyumba, mbio, kabla nakala za wizi hazijawapita. Kapteni Alex anauawa usiku, ndugu yake Bruce U, mtaalamu wa kung fu, anakuja kulipa kisasi, watu wanapigana mpaka kijiji kizima kimeingia kwenye picha. Na aliyemuua Alex? Hajulikani. Swali liko kwenye jina, na picha inakwisha halijajibiwa. Nikiwa nimezoea Romero, nilipiga makofi.

Juu ya yote hayo yuko VJ Emmie, anayezungumza mwanzo hadi mwisho, anaonya, anacheka, anawasifu makomando, anauliza maswali. Nabwana alilazimika kufuta kazi ya asili ili apate nafasi kwenye kompyuta, umeme nao ukiwa wa kukatikakatika, na iliyobaki duniani ni nakala ya DVD yenye sauti ya Emmie juu yake. Haiwezekani kuwatenganisha tena. Wapo wanaosikitika kwamba hatutaiona picha yenyewe bila maneno yake. Mimi sisikitiki. Tanga picha zimebaki na sauti imepotea. Wakaliga sauti imeokoka, na ningetoa vingi kupata dakika tano za namna hiyo kutoka Ngamiani.

Mwaka jana nilimtafuta mtafsiri. Anakaa Mabawa, anatengeneza redio na feni, na macho yamepungua nguvu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?" Nikamtaja bibi na karanga zake, akacheka, akasema bibi alikuwa anaweka chumvi nyingi kwa makusudi ili watu wanunue na maji. Nilikuja na kompyuta. Tukaitazama picha ile wote wawili, yeye kasogeza kiti mpaka pua inakaribia kioo, na midomo ikawa inacheza bila kutoa sauti.

Wafu walipozingira nyumba nilimuuliza. Yule tajiri wa mkonge, mzee, ulimtoa wapi?

"Baba alikuja kutoka Kasulu," akasema. "Kakata mkonge miaka ishirini na ushei. Mwenye shamba hakumwona hata siku moja. Mimi nikaona hawa nao wanaye wao, ila hawajamwona."

Alfajiri ikafika kwenye kioo. Mbwa wakaanza kubweka. Akauliza, kinasimamia wapi hiki? Nikamwonyesha, naye akabonyeza kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayeua mbu juu ya mtoto aliyelala.

"Ile kanda haikukatika," akasema. "Mchana ule niliitazama mara tatu ili niijue vizuri. Mara zote tatu wakamuua. Usiku sikutaka tena."

Steringi alikuwa amesimama na bunduki yake mkononi, anasikiliza nje. Mjukuu wa mzee akatuletea chai.